Wakili Aliyekula Ushahidi

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwaka 2013, hapa hapa nyumbani Murungu, wakili alipokula ushahidi wa kesi yake mwenyewe, kisha akaomba aongezewe mchuzi. Usicheke kwanza, mwanangu. Umesema unataka kusomea sheria, tena siyo hii ya kugombania mipaka ya mashamba. Unataka ile ya kesi za biashara kati ya nchi na nchi. Ukaniuliza, kwa heshima lakini niliona mdomo ulivyokucheza, baba najua nini kuhusu kazi hiyo. Kwa kweli sijui mengi. Niliishia kidato cha nne, na safari yangu ndefu ni Kibondo hadi Kasulu, nayo nilirudi siku hiyo hiyo kwa sababu silali vizuri kitanda cha watu. Lakini wakili wa kazi hiyo nilimwona akiifanya, jikoni kwetu, sahani iko mapajani. Kaa nikusimulie.

Nilikuwa kijana, nywele zimejaa kichwani, na wakulima wa maharage wa huku walinichagua kuwa katibu wa kikundi chao. Walisema nina mwandiko mzuri, na isitoshe napatikana nyumbani muda wote. Tukapata mnunuzi kutoka ng'ambo, Burundi, Bwana Nestori, mtu wa kofia ya pama na maneno machache. Alikuja, akaonja maharage yetu, akayapenda. Tukaandikiana mkataba. Nikatia sahihi kwa mbwembwe zote, sahihi yenye mikia, bila kusoma ukurasa wa mwisho. Niliona maandishi yamekuwa madogo, nikadhani ni mapambo.

Magunia yote yakakusanywa uani kwetu. Bwana Nestori akachota konzi moja kutoka kila gunia, akachanganya, akagawa kwenye vifuko viwili vya kitambaa, vikashonwa mbele ya watu. Kimoja akaondoka nacho, kingine akanikabidhi. Hiyo ndiyo sampuli, mwanangu. Baadaye watu wakibishana, kila upande unakuwa na ushahidi wa kile kilichokubaliwa. Akanisisitizia nikitunze. Nami nikakitunza mahali salama kuliko pote ninapopajua duniani: juu ya jiko la mama yangu, bibi yako, panaponing'inizwa mbegu.

Kesho yake lori likapakiwa, likashika njia ya Mabamba mpakani. Baada ya siku chache likarudi, limejaa vile vile. Bwana Nestori alikuwa amefungua magunia, akachota, akapika kutwa nzima, na maharage yakabaki magumu kama changarawe. Alisema haya siyo aliyoyaonja. Tumemtapeli, hayataki, na Murungu hataikanyaga tena. Lori likaegeshwa kwenye ghala mjini Kibondo, naye akiwa nalo, na mavuno ya kikundi kizima mgongoni. Wanakikundi wote walikuwa wamewakatalia wanunuzi wengine kwa sababu ya neno langu. Nikipita njiani, watu wakawa wananisalimia haraka haraka. Na unajua sisi Waha hatumsalimii haraka mtu tunayempenda.

Nikakimbilia mkataba. Yale mapambo ya ukurasa wa mwisho kumbe yalisema kwamba ugomvi wowote utapelekwa kwa msuluhishi, Bujumbura. Bujumbura! Mimi ambaye Kasulu tu ilinishinda kulala.

Ndipo mtu akatukumbusha kuwa kuna binti wa Heru Juu, kule Kasulu, Skolastika, wakili wa magomvi kama hayo huko Arusha, na wiki ile yuko kwao likizo. Nikampigia simu. Nilitegemea atatokea mtu wa gari na joho jeusi. Alitokea mwanamke mfupi juu ya bodaboda, amevaa kitenge, vumbi jekundu hadi kwenye kope, mkoba kifuani kama mtoto mchanga. Akashuka, akampigia mama magoti kidogo, akapiga makofi taratibu: "Mwidiwe, mama." Wakasalimiana kwa Kiha, wakaulizana habari za watu wa Heru Juu nusu yao, walio hai na waliokwishazikwa. Mimi nimesimama na mkataba mkononi, nahema.

"Dada wakili," nikasema, "tuanze na ukurasa wa mwisho."

"Wewe," mama akanikata, "mgeni ametoka Kasulu hajanywa hata maji, unamlisha karatasi?"

Akamletea ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, yanang'aa. Skolastika akala. Alikula bila aibu, mwanangu, kama mtu aliyekuwa ameyaota huko Arusha. Akaomba mchuzi. Huku anatafuna akaniuliza maswali: nani alipakia, nani alishuhudia, lori lililala wapi. Mwisho akapangusa vidole.

"Haya, Katibu. Ile sampuli yenu iko wapi?"

Nikaingia jikoni kifua mbele. Nikainua macho. Mahindi ya mbegu yapo, vibuyu vipo, kifuko hakipo.

"Mama, kile kifuko kilichoshonwa?"

"Kile cha maharage?" mama akajibu bila hata kugeuka. "Si ndiyo hayo mgeni ameyala."

Nilikaa chini kwenye kuni. Skolastika akaitazama sahani yake ilivyosafishika, halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi kitenge kikamlegea. "Miaka yote hii ya kazi," alisema, "nimeona ushahidi ukiibwa, nimeona ukilowa, nimeona ukiliwa na panya. Leo panya ni mimi!"

Mimi sikucheka. Akili yangu ya kidato cha nne ilishaanza kazi. Nikasogea karibu, nikanong'ona: "Dada, kitambaa bado kipo. Tutafute maharage mazuri kwa jirani, tushone upya. Nani atajua?"

Kicheko kikakatika. "Nitajua mimi," alisema. "Katibu, nisikilize. Ukishika sindano, mimi napanda bodaboda yangu. Mtu wa biashara akinikuta na uongo mmoja Kibondo, habari hiyo itanitangulia Kigali, itanitangulia Bujumbura, na siku nitakayosema kweli hakuna atakayenisikia. Mimi sina mtaji mwingine. Nina mdomo huu tu."

Mwanangu, nimewahi kuchapwa fimbo shuleni nikasahau, lakini maneno yale sijayasahau. Nikainamisha kichwa, nikajifanya natafuta kitu kwenye majivu.

Yeye akamgeukia mama, sauti imeshalainika. "Mama, hebu niambie. Nyumba hii ina maharage mpaka darini. Kwa nini ukashusha yale?"

"Ah, haya ya ndani ni ya zamani, mwanangu. Yamekaa mno, yanataka kuni za kuchomea tofali. Nimpe mgeni maharage ya kumvunja meno? Nikaona kile kifuko kina mapya, nikasema Mungu kaniwekea."

Skolastika akamsogelea. "Na ya zamani, hukuyapunguza kidogo mwaka huu?"

"Nimeyapunguza sana!" mama akasema kwa furaha. "Siku ile alipochota-chota yule Mrundi, magunia yakalegea midomo. Niliona aibu. Gunia la kumpa mgeni litoke kwangu halijajaa? Nikayajazia jioni ile, yote, yakafura vizuri. Huyu alikuwa amelala."

Huyu ni mimi. Nilikuwa nimelala, kwa sababu kazi ya ukatibu inachosha.

Basi ukweli ulikuwa umekaa pale jikoni kama mgeni mwingine. Chini magunia yalikuwa na maharage mapya kama tulivyopatana. Juu yake ulikuwa ukarimu wa mama yangu, ule ule aliouchota Bwana Nestori mpakani akaupika kutwa nzima.

Nikasema, "Tumekwisha."

"Hujakwisha," wakili akasema. "Ila sasa nisikilize tena. Hili mmeniambia mkiwa wateja wangu, ni siri yenu. Siwezi kulisema popote bila ruhusa yenu, hata nikibanwa. Lakini kwa kuwa nalijua, siwezi kusimama mbele ya mtu yeyote nikasema magunia yale ni safi juu hadi chini. Mkitaka kusema hivyo, tafuteni wakili mwingine, sitakasirika. Mkikubali kweli isemwe, naona njia. Chagueni."

Nikaanza kujikuna. Nikafikiria wanakikundi, na kwamba aibu sasa itakuwa ya nyumba yetu peke yetu. Mama hakujikuna. Alikuwa ameshafunga kilemba.

"Aliyejazia ni mimi," alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Leteni bodaboda, na ile sufuria kubwa."

Ungeona msafara ule ukiingia Kibondo! Wakili mbele na mkoba wake, mama nyuma ya bodaboda ya pili amekumbatia sufuria kama ngoma, na mimi wa tatu, nimefumba macho tangu Murungu, nikimsihi dereva apunguze mwendo naye akiongeza.

Bwana Nestori alikuwa kwenye ghala, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. "Madamu wakili," akasema, "umekuja kuniambia mimi sijui kupika?"

"Nimekuja kukuambia, kwa ruhusa ya wateja wangu, kwamba sampuli yao nimeila mimi," Skolastika akajibu. "Ilikuwa laini. Hiyo siyo hoja ya sheria, ni salamu tu. Sasa msikilize mama huyu."

Mama akapiga makofi, akamsalimia kwa Kiha, na Kiha na Kirundi ni ndugu, hawahitaji mkalimani. Salamu zikaenda mbali. Kofia ikaanza kupanda. Mama akaeleza yote: kulegea kwa magunia, aibu yake, kujazia kwake, na jinsi katibu alivyokuwa amelala. Sehemu hiyo ya mwisho ningeweza kuishi bila kuisikia ikirudiwa.

Bwana Nestori akavua kofia. "Mama, yaani lori langu limegeuzwa mpakani kwa ajili ya ukarimu?"

"Ningejua utachota juu, ningejazia chini," mama akasema.

Mzee yule alicheka mpaka vibarua wa ghala wakaja kutazama. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Alipomaliza kucheka alitaka kuona. Wakawasha mioto mitatu nje ya ghala, wakaazima sufuria mbili zaidi. Sufuria moja ikawekwa maharage ya juu ya magunia, ya pili maharage ya katikati na chini, ya tatu yale ya kifuko alichotunza yeye, alichokitoa mfukoni mwa koti na kukichana kwa jino.

Maharage yanachukua muda, mwanangu, na hapo ndipo nilipoijua kazi unayoitaka. Tulikaa kwenye magunia matupu, tunasogeza kuni, nikamuuliza Skolastika kama kazi yake yote iko hivi. Akasema alipokuwa chuoni Dar es Salaam alijiona kwenye joho, akiwaumbua watu mahakamani. Alipoajiriwa Arusha, mwaka wa kwanza wote alisoma mikataba ya kahawa, saruji na samaki waliokaushwa, akalia machozi ya uchovu. Kisha bosi wake, mwanamke mzee mkali, akamfukuza ofisini: nenda kaione kahawa yenyewe, inuse, ibebe pamoja na wanaoibeba. Tangu hapo amelala mipakani, amegombana kwa Kifaransa cha kuokoteza, amejifunza mbao mbichi zinavyopinda njiani na saruji inavyoganda ikilowa. Joho lake, alisema, lina mikunjo ile ile liliyotoka nayo dukani.

"Na ukishindwa?" nikamuuliza.

"Nashindwa sana tu. Lakini nikishinda mtu akafilisika, mwaka unaofuata mpaka ule hauna biashara, nami sina kazi."

Sufuria zikafunuliwa. Ya kwanza ilikuwa bado inagonga kama mvua ya mawe kwenye bati. Ya pili na ya tatu zilikuwa laini, huwezi kuzitofautisha. Bwana Nestori akala ya pili kwa mwiko, akala tena, akasema neno moja: "Haya."

Magunia yakafunguliwa, ya juu yakachotwa na kutengwa, na wanakikundi wakaja kusaidia wakiimba, wakinitania kwa jina jipya, Katibu Usingizi, ambalo babu zako wadogo wananiita mpaka leo. Skolastika akaandika karatasi fupi, herufi kubwa kuanzia juu hadi chini. Safari hii nilisoma yote. Lori likavuka, na Bwana Nestori aliendelea kununua kwetu, kila mara akidai kwanza aonyeshwe mama amesimama mbali na magunia.

Haya ndiyo niliyonayo, mwanangu, ya kukufungia kwenye mkoba. Soma sheria zako, hata zile za maandishi madogo, hasa hizo. Lakini kijue pia kitu chenyewe watu wanachogombania, ukiguse, na ukikaribishwa ukile, ila uliza kwanza kimetoka wapi. Salimia mpaka mwisho, hata kama mteja wako anahema na karatasi mlangoni. Tunza siri ya mtu aliyekuamini, lakini asiitumie siri hiyo kukufanya mwongo. Hapo mruhusu atafute mwingine, nawe upande bodaboda yako. Nami siku ile nilikuwa yule mteja mwenye sindano. Utakutana naye mara nyingi. Usimchukie. Mkemee, halafu mwoneshe njia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mdomo unaoaminika kila ng'ambo utakayovuka, akupe magomvi yanayoishia kwenye sahani moja, na akurudishe salama Murungu ukiwa na njaa. Bibi yako amezeeka lakini bado anajazia. Mimi utanikuta hapa hapa, wapi kwingine?