Nilimwambia Chini ni Safi, Kumbe Reki Yangu Haijafika Pale

Mnisamehe nikianza bila salamu ndefu. Mdogo wangu amekufa kwa neno langu. Sikumpiga, sikumwekea sumu. Nilimdanganya tu, tena kwa aibu ya kijinga, nikiwa nimekaa kitini nakula.

Mimi ni mtu wa Uvira, na kazi yangu ilikuwa takataka. Usicheke! Mradi mmoja ulitaka kujua ni taka gani zimelala chini ya ziwa mbele ya mji wetu, na kama zinaongezeka. Basi kila baada ya miezi michache nilipanda mtumbwi, nikafunga reki ya chuma kwenye kamba ndefu, nikaiburuta chini ya maji katika sehemu zilezile. Kilichonaswa nilikitandaza ufukweni na kukitenganisha: chupa huku, vifuko huku, vitambaa, nyavu kuukuu. Nikapiga picha, nikatuma biro, yaani ofisi ya mradi. Mtaani waliniita Docteur wa Takataka, na ukweli ni kwamba jina hilo nililipenda.

Vita vikafika. Barabara ya Bujumbura ikafungwa, ya Bukavu nayo ikawa ya kupita kwa kumwomba Mungu. Wakati huohuo mradi ulikuwa umeniongezea sehemu mpya, mbele ya mtaa wa Kavimvira, na hapo ndipo wenye silaha walipokaa karibu na maji. Mtumbwi wa mtu wasiyemjua ulipigwa risasi. Niliogopa! Nani asingeogopa? Kwa hilo sijilaumu.

Ninachojilaumu ni hiki. Badala ya kuwaambia biro kwamba pale sikufika, niliokota taka ufukweni, nikazipaka matope, nikatuma picha zake kama za Kavimvira. Vifuko vichache, chupa mbili tatu, basi. Biro wakanisifu kwa ujasiri. Nikarudia tena, na safari hiyo haikuniuma hata kidogo.

Sisi wa ziwa hili tunavua ndagala, yaani dagaa, usiku, kwa taa. Wenye silaha wakakataza taa majini. Wavuvi waliowafahamu wakaruhusiwa kuvua mchana tu, hata mbele ya Kavimvira, karibu na nchi kavu, kwa nyavu za kulaza chini kabisa, mahali ambapo wengi wao hawakupazoea.

Mdogo wangu, nimwite Byamungu, naye alikuwa mvuvi wa taa. Tuliishi ua mmoja, yeye na mkewe Mama Furaha na watoto wao, mimi na wangu. Siku moja akanikuta nakula.

"Yaya," akasema, yaani kaka mkubwa, "weye njo unajua chini ya mayi. Ku Kavimvira kule iko namna gani? Wavu iko moja tu. Ikipasuka, tumekwisha."

Mke wangu alikuwa ananitazama. Mama Furaha pia, ameshika sufuria. Ningesemaje kwamba sijafika, mimi niliyejitapa ua mzima kwamba napita katikati ya risasi?

"Iko muzuri," nikamjibu. "Matope tu na vifuko. Shusha bila woga."

Akaenda kushusha. Wavu ukanasa. Mwenzake mtumbwini alimwambia aukate, akakataa. Alisema kaka yake amehakikisha chini hakuna kitu, litakuwa jiwe tu. Akavua shati, akazama kwenda kuunasua. Hakurudi.

Walipomtoa, miguu yake ilikuwa imezongwa na nyavu kuukuu, nyeusi kwa matope, pamoja na nyaya. Nyavu zilizopotea miaka mingi, zimerundikana pale kama nguo chafu. Ndizo hasa nilizokuwa nalipwa kuzitafuta! Jamani, ndizo!

Msibani mvuvi mmoja alinisogelea. Hakuwa na ubaya, alitaka tu kuelewa.

"Docteur, si ulisema kule iko safi?"

Ningesema hapo. Watu walikuwepo, mwili ulikuwepo, machozi yalikuwa tayari. Lakini nilisikia mdomo wangu ukijibu: "Nilivuta reki pale minye mwenyewe, risasi zikipita. Palikuwa safi. Hizo nyavu zimeletwa na mafuriko ya juzi."

Uongo juu ya maiti ya mdogo wangu! Na wakaamini. Tangu hapo Mama Furaha anawasimulia watu jinsi shemeji yake alivyohatarisha roho yake ili wavuvi wawe salama, na kwamba ni mafuriko tu yaliyomuua mumewe. Akina mama wanakuja kunishika mkono. Nataka kukimbia, lakini nikimbilie wapi? Barabara zimefungwa, ziwa linalindwa, na mlango wa Mama Furaha unatazamana na wangu. Nikikohoa anasikia. Nikinyamaza anatuma mtoto aje kuuliza kama ninaumwa.

Jana samaki alikuwa mmoja. Alinipakulia mimi kwanza, kabla ya watoto wake.

"Kula, shemeki," akasema. "Weye njo umebaki baba ya hii nyumba."

Nikala. Mungu wangu, nikala mpaka mwiba, kwa sababu alikuwa ananiangalia.

Ninyi mnaosoma, hasa mnaofanya kazi ambayo wengine hawawezi kuikagua kwa macho yao, nawasihi. Kama hujafika, sema hujafika. Mtu akikuuliza na hujui, mwambie hujui, hata kama mkeo anasikiliza. Byamungu angenicheka siku ile, pengine wiki nzima. Halafu angetafuta mahali pengine pa kushusha wavu wake, na yule samaki angemla yeye na wanawe.