Kigingi cha Baba Krismasi

Kaka yangu Garland Keplinger alinivunja mkono wa kulia kwa kigingi cha chuma, nje ya nyumba tuliyoachiwa na mama, magari ya watu yakiwa foleni barabarani. Kisha akatangaza kwamba niliteleza kwenye barafu. Jioni ile hapakuwa na barafu. Palikuwa na matope.

Wanaompenda humwita mtu wa watu, kwa hiyo acha na mimi nimweleze. Alizaliwa hapa hapa, katika mji wetu mdogo wa Indiana, mtoto wa kwanza wa fundi wa mapaa aliyetupiga kwa chochote kilichokuwa karibu: mkanda, mwiko, bomba la maji. Garland alipigwa kuliko mimi, hilo simnyimi. Lakini wako wanaopigwa wakajifunza kukwepa, na wako wanaojifunza kupiga. Akiwa bado shule alimng'oa mwenzake meno kwa sababu ya baiskeli. Mkewe, Corinne, alimvumilia mpaka siku ya Sikukuu ya Shukrani, Garland alipomsukuma kwenye sufuria ya mafuta ya moto ya kukaangia bata mzinga. Corinne aliondoka na nguo alizovaa na mkono umefungwa kitambaa. Mjini wakasema amepata mwanamume.

Mimi shule niliiacha mapema, nikaenda kiwanda cha kuku. Nilisimama kwenye mstari nikitenganisha nyama na mfupa kwa kisu kifupi, miaka nenda miaka rudi. Mkono wa kulia ndio uliokuwa cheti changu.

Corinne alipoondoka, Garland alianza mambo ya taa za Krismasi. Alifunika nyumba nzima kwa taa, akajaza uwanja masanamu ya kitambaa yanayojazwa upepo na feni iliyofichwa miguuni: pengwini, kulungu, mtu wa theluji, na Baba Krismasi mrefu kuliko paa la baraza. Watu walikuja hata kutoka miji ya jirani. Unasimamisha gari, unazima taa zako, unafungua redio kwenye stesheni yake ndogo ambayo haivuki kona ya mtaa. Nyimbo zinalia garini mwako, taa za nyumba zinazicheza. Wimbo ukiisha hupigi makofi, unapiga honi. Bi Roxie wa nyumba ya pili husimama langoni na pipa la kupokea makopo ya chakula ya maskini wa kanisa, na katikati ya nyimbo Garland huongea redioni kwa sauti ya asali.

Taa alizipanga yeye kwa kompyuta. Masanamu yalikuwa yangu. Taa inatii papo hapo, feni haitii. Sanamu kubwa linahitaji wimbo mzima ili lisimame. Kwa hiyo nilikaa gerejini na swichi zangu, nikawasha feni wimbo mmoja kabla, masanamu yakajaa kimyakimya gizani. Wimbo wa mwisho ukianza tu, nawasha taa za matumboni mwao, na wote hao wamesimama. Nilikuwa nasikia watoto wakipiga kelele magarini.

Mwaka jana aliamua kunitoa.

"Swichi zako katupe," aliniambia tukila mabaki ya bata mzinga. "Feni nimeziunga pamoja na taa. Ngoma ikipiga, Baba Krismasi anainama, anainuka. Watu watakufa kwa kucheka."

"Feni haichezi ngoma, Garland. Ukiiwasha na kuizima hivyo sanamu halisimami. Na feni itaungua."

"Nani kakuuliza, mama kuku? Nenda kachambue mapaja yako."

Siku ya onyesho mvua ilikuwa imenyesha kutwa, baridi imelegea. Foleni ilifika kanisani. Nilisimama langoni na Bi Roxie, kila mmoja na kikombe chake cha chokoleti ya moto, wimbo wa ngoma ukaanza. Taa zilicheza vizuri. Masanamu yakarusha miguu kama kuku waliochinjwa. Yaliinua bega, yakalala. Baba Krismasi alijaa nusu, akakunjika kiunoni, akamwangukia Bikira Maria wa plastiki pale kwenye hori la mtoto Yesu, na kila ngoma ilipopiga akaruka juu yake.

Kicheko kilitoka gari hadi gari. Mwanamume mmoja alitoa kichwa dirishani: "Garland! Mtoe huyo mlevi juu ya mama wa watu!" Honi zikalia kuliko wakati wowote.

Nilisikia harufu ya feni kuungua. Nikakimbia, nikachomoa waya wa Baba Krismasi. Garland alitoka ndani akanikuta nimeushika.

"Umegusa! Umenifanyia makusudi!"

"Inaungua, Garland, nimechomoa tu..."

Aling'oa kigingi kilichoshika kamba ya sanamu. Pigo la kwanza lilinipata begani. La pili nilikinga kichwa kwa mkono, nikausikia mfupa kabla sijahisi maumivu. Sauti ile naijua, ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote. Nikaanguka matopeni, akanipiga tena nikiwa chini, na tena, taa zikiwakawaka, ngoma ikiendelea. Magarini walidhani tunahangaika na sanamu.

Bi Roxie alikuwa amenifuata. Alisimama karibu kiasi kwamba chokoleti yake ilinimwagikia buti.

Garland alitupa kigingi chini ya kitambaa, akihema. "Kateleza," alisema. "Si umeona, Bi Roxie? Kateleza kwenye barafu."

Bi Roxie alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Pole mwaya, Twyla," akasema. "Barafu mbaya sana."

Naibu wa sherifu alikuja hospitali. Nilimwonyesha suruali yangu, imeganda matope mpaka kiunoni. Alikuna shingo.

"Bi Twyla, shahidi anasema barafu. Na Bi Roxie hajawahi kusema uongo katika mji huu."

Kumbe Bi Roxie alikuwa na sababu yake. Nilipomwendea na mkono ukiwa kwenye plasta, alisema bila kunitazama, "Onyesho likifungwa, mwenzangu, pipa litabaki tupu. Wewe una mkono mmoja mbovu. Mimi nina familia za kulisha."

Kiwandani hawahitaji mtu ambaye vidole vyake havifungi. Nilimpigia Garland simu, nikamwomba kitu kimoja tu: aseme redioni, foleni ikiwa imesimama, kwamba alinipiga. Alicheka mpaka akakohoa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi nilikwenda na kisu changu cha kiwandani katika mkono wa kushoto. Alikuwa amenunua feni mpya na kurudia utaratibu wangu, wimbo mmoja kabla. Wimbo wa mwisho ulipoanza wote walikuwa wamesimama, wamejaa mwanga. Nilianza na pengwini. Nikawapasua koo hadi tumbo, upepo ukanipiga usoni, wakalala mmoja mmoja. Watu wakapiga honi. Walidhani ni sehemu ya onyesho! Nikamwingia mtu wa theluji, nikawakata kulungu miguu, honi zikazidi.

Nilikuwa nimemfikia Baba Krismasi wakati Garland aliponishika nywele kwa nyuma. Alinigonga uso kwenye nguzo ya baraza, mdomo ukajaa damu. Nikageuka na kisu, nikamchana mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Tukaanguka juu ya sanamu, tundu likapanuka, kitambaa kikatumeza, kila kitu kikawa chekundu. Nikamkalia kifuani, kisu chini ya kidevu.

"Kasemee redioni."

"Twyla, dada, watu wanaona."

"Ndiyo maana."

"Sawa. Sawa, nitasema. Toa kisu."

Nilikitoa. Akaupiga kwa goti ule mkono wangu uliokuwa bado haujaunga.

Nilikuwa nimefungwa pingu katika gari la naibu wa sherifu, redio yake ikiwa kwenye stesheni ile ile, niliposikia sauti ya asali. "Majirani, tumwombee dada yangu. Tangu ateleze kwenye barafu, kichwa chake hakijakaa sawa." Honi zikalia mtaa mzima.

Hakimu amenikataza kuukaribia uwanja ule. Masanamu mapya yameshasimamishwa, na Garland ana kovu ambalo huwaambia watoto ni la waya.

Mimi bado ninadai. Garland namdai maneno machache, na mahali pa kuyalipa ni redio ile ile, magari yakiwa foleni: nilimpiga dada yangu kwa kigingi. Bi Roxie namdai neno moja, barafu, alitapike pale langoni, mbele ya pipa lake.