Jani la Sale na Mguu wa Sifaeli

Zamani Sifaeli akipiga mpira, waliokuwa wakichuma kahawa juu ya uwanja wa Akheri walijua bila kuona. Walisikia pu!, wakatulia na ndoo zao kungoja kelele zifuate. Nyavu hazikuwepo wakati ule. Mpira ukishaingia golini ulikwenda kulala kwenye migomba, na mwenye shamba alitoka na fimbo, kavunjiwa mkungu, naye bado anashangilia. Mguu ule wa kushoto waliuita Nyundo, na baadaye jina likampanda mwenyewe.

Miaka kumi na minne ilikuwa imepita tangu aondoke Akheri. Mwaka ambao Kahawa, timu ya nyumbani, ilifika fainali, Sifaeli aliiacha wiki moja kabla ya mechi akajiunga na timu moja ya Elerai, mjini. Kahawa ikafungwa moja bila. Mwalimu Dismasi, kocha wao, hakumsema vibaya. Aliacha tu kuitikia salamu yake. Huko mjini Nyundo alitamba, kisha magoti yakachoka, na misimu miwili ya mwisho akafunga goli moja, nalo la kichwa. Wakamshukuru, wakamwacha. Akarudi Akheri kwenye shamba la marehemu baba yake, na jambo moja halikumtoka moyoni: amalize mpira pale alipouanzia, japo msimu mmoja.

Kwenye orodha ya Kahawa ilibaki nafasi moja.

"Nenda kamwombe," Esther mkewe alimwambia akimenya ndizi. "Mdomo si unao?"

"Hata salamu yangu haitikii, nitaanzia wapi?"

Kesho yake asubuhi alikata jani la sale kwenye mpaka wa shamba, akalipiga fundo kama alivyoona wazee wakifanya. Anayeletewa sale hamkatalii aliyelileta. Hata ugomvi wa damu umekwisha kwa jani hilo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema mlangoni kwa Dismasi, jani mikononi.

Mzee alilitazama mpaka chai yake ikapoa. "Marahaba," akasema mwishowe, akalichukua. "Nimelipokea. Ya fainali yamekwisha."

Sifaeli alirudi nyumbani akipiga mluzi. Kwake yeye, alikwisha sajiliwa.

Jumapili baada ya ibada timu ilikutana uwanjani. Evaresta, katibu, alikuwa na fomu magotini. Godwin, nahodha, ndiye aliyeanza.

"Huyu tumsajili afanye nini? Juzi mazoezini nimemwona, anakimbia kama kabeba mkungu wa ndizi! Shikamoo, Nyundo, usinichukie."

"Marahaba. Tena mikungu miwili," Sifaeli akajibu, na kicheko kikazidi. Alikuwa akimngoja Dismasi afunge maneno.

"Jani nimelipokea, Sifaeli," Dismasi alisema taratibu. "Limefuta hasira yangu. Mbio halikukuongezea. Tena umenifunga mikono. Leo nikikusajili, kila mtu atasema ni sale, si mguu."

Uso ulimshuka. Alikuwa amekwenda kuomba msamaha, na ndani ya fundo lile lile akaficha ombi la namba. Asingeweza kulikana.

"Basi nipeni mpira," akasema.

Walimpa mipira mitano, nje kidogo ya kumi na nane, Brian akiwa golini. Wa kwanza ulipaa mpaka kwenye migomba. Wa pili ulimfikia Brian polepole, akauokota kama yai. Wa tatu ukagonga mtambaa wa panya, ukarudi.

"Nyundo imetoka mpini!" Godwin akapiga kelele.

Wa nne ulikwenda nje. Kwa wa tano Sifaeli alisimama kidogo. Upepo ulileta harufu ya maganda ya kahawa, ile ile. Zamani alirudi nyuma hatua sita. Sasa alirudi tatu, kadiri magoti yalivyoruhusu.

Pu!

Kina mama waliokuwa wakitoka kanisani walisimama barabarani. Brian aliufikia kwa mikono yote miwili, na ukaingia nayo.

"Mmoja kati ya mitano," alisema Dismasi. Mikono yake ilikuwa bado imefungwa.

Brian alikuwa akipuliza viganja. Godwin alimtazama yeye, akautazama mpira wavuni, akakuna kisogo.

"Mwandikeni," akasema. "Mimi sikuletewa jani na mtu. Dakika kumi za mwisho tukipata faulo, nitambeba mgongoni mpaka penye mpira."

Dismasi aliitikia kwa kichwa, haraka, kama aliyekuwa akiyangoja maneno hayo.

Evaresta alifunua kalamu. "Mwaka wa kuzaliwa?"

Mjini Sifaeli alijipunguzia miaka minne, kama wenzake wengi.

"Themanini na tano."

Evaresta akainua uso. "Ndio wa kweli?"

"Ndio wa kweli, dada. Andika kabla sijaghairi."