Sweta la Baba Kwenye Kamba ya Mitumba

Mama anauza mitumba mbele ya nyumba yetu, Ujiji. Nguo anazitundika kwenye kamba, na kamba hiyohiyo ndiyo tunayoanikia za kwetu. Siku moja nilifua sweta la marehemu baba, lile zito la kofia alilokuwa akivalia kwenda kuvua dagaa, nikalianika pembeni. Niliporudi kutoka dukani halikuwepo.

"Nimeliuza," akasema mama mdogo, aliyekuwa kamshikia mama biashara. Anatabasamu kabisa. "Mzee mmoja kalipenda kwelikweli! Kashuka nalo ziwani sasa hivi."

Baba hakutuachia hata picha. Nilikimbia hadi ufukweni, mama mdogo nyuma yangu akiniomba msamaha njia nzima. Mzee tukamkuta kwenye mtumbwi, kalivaa tayari kama mtoto wa sikukuu. Nililijua kwa tundu la mkononi, pale karabai ilipoliunguza.

"Shikamoo mzee. Hilo sweta ni la marehemu baba yangu, limeuzwa kwa makosa."

"Marahaba." Akalitazama lile tundu, akalivua taratibu. "Chukua, mwanangu. Baba yako alikuwa pande la mtu, mimi limenimeza."

Tukamwambia aje achague sweta jingine. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, nikalivaa palepale, jua la saa saba, jasho likinitiririka mpaka nyumbani.

Mama mdogo akarudi kupanga nguo kwenye kamba, akanitazama.

"Hebu sogea mbali na hiyo kamba, nisije nikakuuza na wewe."