Mapazia Meupe ya Sebuleni

Mkaza mwana wangu hatupi kitu. Nalisema hili kwanza kwa sababu ni sifa, na sifa za kumpa sina nyingi. Katika nyumba yao ya ghorofa ya tatu pale Nguvumali, chupa ya maji ikiisha hukatwa ikapandwa mmea, chupa za jamu hutiwa choroko na kunde zikapangwa rafuni, na mswaki uliochakaa husugua mistari ya vigae chooni mpaka ing'ae. Trei za mayai alizipaka rangi akazibandika ukutani, ati zinapendeza. Wageni nao husema zinapendeza, maana wameshakunywa chai yake.

Nilihamia kwao kutoka Moa baada ya mume wangu kufariki na magoti kuanza kuniasi. Mwanangu ni wa pekee, akasema mama mtu mzima hakai peke yake. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka mingi. Nimezoea kupanga watu, si kupangwa. Lakini nilikuja, na kinu changu, mbuzi yangu ya kukunia nazi, kawa mbili za kufunikia chakula, na sanduku la mbao. Siku ile ile nilimwambia mke wa mwanangu asilifungue lile sanduku. Aliyeitikia ni mwanangu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilinyang'anywa jembe likapakwa rangi. Mbuzi ikawa ya dhahabu, ikatundikwa kando ya televisheni. Kinu kiligeuzwa kifudifudi kikawekewa simu juu. Kawa zikapanda ukutani, na tui likawa la pakiti. Nilipouliza, mkaza mwana alinijibu kwa adabu zote.

"Mama, wewe pumzika. Na vitu vyako navyo vipumzike, vipendeze tu."

Nikaelewa kwamba baina yangu na kinu haoni tofauti kubwa. Hata hivyo nilimfundisha kukausha maganda ya machungwa ya Muheza na kuyachoma kidogo kwenye chetezo ili choo kisinuke. Akanirekodi kwa simu, akawatumia wenzake. Nilipoonyeshwa ile picha, nilikuta imechukuliwa mikono yangu tu.

Yote hayo nilimsamehe, kwa sababu changu hasa kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa ndani ya sanduku. Marehemu mume wangu, Mpemba mkulima wa karafuu aliyelowea Moa kwa ajili yangu, alipojaliwa kwenda Hija alirudi na sanda mbili za bafta. Alizichovya mwenyewe katika maji ya Zamzam, akazianika mwenyewe. Yake alizikwa nayo. Yangu niliikunja, nikaitia kafuri na udi, nikaifungia. Wanawake wa kwetu wengi hufanya hivyo wala si uchuro, ni kujiwekea nguo ya safari. Sikubakiwa na tamaa nyingine duniani ila kuvikwa kitambaa kile alichokishika yeye.

Mkaza mwana ni binti wa Lushoto, kalelewa katika nyumba ya Kilutheri, akasilimu alipoolewa. Kwao mtu huzikwa na suti yake ndani ya jeneza. Wa kumweleza ya kwetu alikuwa mumewe, naye hujieleza kwa shida hata anapotaka chumvi.

Nilikwenda Moa kwenye arobaini ya binamu yangu. Niliporudi, Ijumaa alasiri, nilikuta majirani wanne wa kike sebuleni wanakula sambusa. Sanduku langu lilikuwa katikati yao, limewekewa kioo juu, limekuwa meza. Madirishani kulikuwa na mapazia meupe, marefu, yamepigwa upindo kwa cherehani na kufungwa utepe kiunoni. Jirani mmoja alikuwa ameshika ncha ya pazia, anaisugua baina ya vidole vyake vyenye mafuta, anasifu bafta. Upepo ukaingia, nikanusa kafuri.

"Kitambaa hiki umekitoa wapi?" nilimuuliza.

"Si ni kile cha sandukuni, mama. Kilikuwa kimekaa tu, kinanuka dawa ya nondo. Nimekifua na siki, nikakianika siku tatu."

"Hiyo ni sanda yangu."

Niliitumia ile sauti yangu ya darasani, ya chini, inayofika dawati la mwisho. Yule jirani aliachia pazia, akafuta vidole kwenye dira lake. Wengine wakakumbuka ghafla kwamba wana watoto. Mkaza mwana alianza kucheka, akidhani namtania, kisha akanitazama usoni na kicheko kikageuka kilio. Sikumbembeleza. Nilikuwa namngoja mwanangu, kwa sababu yeye alikuwepo babake alipokuwa anaanika.

Alifika magharibi. Alisikiliza, akayatazama mapazia, akajikuna shingo.

"Basi mama, bafta imejaa madukani. Ntakununulia nyingine."

"Na Zamzam je? Na mkono wa babako?"

Akafikiri. Namjua anavyofikiri, ni vile vile alivyokuwa akifanya hesabu utotoni, ulimi nje kidogo. Halafu uso ukamfunguka kama aliyepata jibu.

"Basi tusiinunue. Ikae tu hapo kwa sasa. Siku ikifika tutaishusha, tutafumua huo upindo, tuifue vizuri."

Alisema kwa upole. Kama angenitukana, ningemjibu. Lakini alikuwa anataka kunifurahisha, mwanangu wa pekee, na ameshaipanga siku yangu na kuona ni kazi ya nusu saa.

Asubuhi mkaza mwana alileta ngazi ayashushe, macho yamemvimba. Nikamkataza. Alinisihi, akapiga magoti, nikamwambia, "Mumeo ameshaamua. Yaache."

Yapo mpaka leo. Jua limeanza kuyageuza rangi, na yameshika harufu ya samaki wa kukaanga. Mimi hukaa chini yake kutwa, kwenye kochi zuri. Majirani hawaji tena. Mkaza mwana hawezi kula sebuleni. Hubeba sahani yake chumbani, na hapiti karibu na dirisha ila kwa kukimbia. Amekonda. Kila Ijumaa huniuliza kama ayashushe, na kila Ijumaa namwambia asubiri. Najua namuua kidogo kidogo, na wala sioni haya.

Mwanangu naye, kila jioni akifungua mlango, macho yake hutangulia dirishani. Huyatazama mapazia kwanza, kisha ndipo hunitazama mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado."