Fundi wa Panda Anayepima kwa Kamba

Saa moja na nusu asubuhi, katika karakana ya ushonaji mtaani Panda, mjini Likasi, Hadassa Kabedi anazungusha kamba nyembamba kifuani mwa mteja. Anafunga fundo moja. Anaishusha hadi kiunoni, anafunga mawili.

Mteja, Mama Mwadi, anarudi nyuma.

"Weye binti, kamba njo ya kupima maiti. Seremala wa masanduku anafanyaka hivi."

"Basi tulia, mama. Maiti haisemake mingi hivi."

Wanawake walio kwenye mashine wanacheka. Mama Mwadi hacheki. Kesho kutwa, Jumamosi, binti yake analetewa mahari, na kitenge cha blauzi alichoshika amekinunua Lubumbashi. Kikiharibika, hana kingine.

Hadassa, mwenye miaka ishirini na sita, naye ana lake la kupoteza. Mwenye karakana, Mama Colette, amemwambia wazi: blauzi hii ikimkaa vema mteja, atakuwa mkataji. Ikishindikana, atarudi kushona pindo, wala wasizungumze tena habari hiyo. Mkataji hulipwa faranga elfu kumi na tano kwa nguo moja. Mshona pindo hupata elfu tatu.

Alipokuwa na miaka minane, taya lake lilivimba. Ilikuwa saratani. Alitibiwa Lubumbashi miezi saba, pamoja na sindano za uti wa mgongo. Kabla hajapelekwa huko, mjomba wake alikuwa amekwisha kumwita seremala.

"Alinipima na kamba, minye niko macho, namuangalia," anasema. "Ile sanduku nani alilala ndani, sijue. Haikuwa minye."

Saratani iliisha, lakini tarakimu hazimkai kichwani. Akisoma 86, akifika mezani anaandika 68. Akiwa jikoni hataki kusemeshwa, maana sufuria itaungua. Shuleni alirudia mwaka wa tano mara tatu, kisha mwalimu akamshauri mama yake aache kulipa ada. Miaka mingi baadaye daktari ndiye aliyeeleza kwamba matibabu yaliyomponya yanaweza kuacha udhaifu wa namna hiyo.

"Bananiita kichwa ya kutoboka. Lakini mikono yangu haikugonjwa."

Miaka miwili iliyopita aliharibu kitambaa cha mteja kwa sababu ya utepe wa kupimia na namba zake. Mama Colette akamnyang'anya mkasi. Ndipo alipobuni mafundo: moja kifua, mawili kiuno, matatu nyonga. Kila kamba ina msumari wake ukutani, imefungiwa kipande cha kitambaa cha mwenyewe.

Ijumaa mchana Mama Mwadi anaivaa blauzi. Anainua mikono, anainama, anageuka mbele ya kioo. Anatafuta kosa kwa muda mrefu.

"Imenikaa," anasema mwishowe. "Lakini usiambie bantu kama ulinipima na kamba."

"Nitabaambia, mama. Na jina yako nitataja."

Mama Colette anausukuma mkasi mkubwa juu ya meza hadi mbele ya Hadassa.

Mwakani Hadassa anataka kufungua karakana yake upande wa Kakontwe. Wanafunzi wawili wa kwanza amekwisha kuwachagua, wasichana walioachishwa shule kwa kushindwa hesabu.

"Bale mwalimu alichoka nabo, bakuye kwangu," anasema, huku akikunjua kitambaa kinachofuata. "Nabaambia mbele: tutakata kitambaa siku ya kwanza."