Moto wa Soudi Mpiga Picha

Mpaka leo, nyumbani kwa mzee Soudi huko Mikelenge, neno "moto" ni la jikoni tu. Kindu nzima umeme ukirudi watu husema moto umekuja, lakini kwake useme "kuran", kama Mfaransa, au unyamaze. Wajukuu hucheka. Wakati wa vita hawakuwapo.

Miaka ile mji ulifungwa pande zote, na Soudi alikuwa mpiga picha ambaye ubishi wake ulizidi ufundi. Stoo aliigeuza chumba cha giza. Sebuleni aliweka kikaushio cha picha alichojitengenezea: bati la pipa, na chini yake waya wa kupasha joto alioung'oa kwenye jiko la umeme la zamani. Plagi hakuwa nayo. Nyaya mbili alizichomeka ukutani zikiwa uchi, akazikaza kwa vijiti vya kiberiti.

"Baba watoto, hii kitu itatuua," mkewe Safia alimwambia.

"Iko salama. Mimi ni fundi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mke, tutaona.

Siku hiyo alikuwa na picha ya marehemu Albertine, ambaye maishani hakupigwa nyingine. Binti yake, Scholastique, aliitaka jioni ileile, kwa kumaliza matanga. Soudi aliilaza juu ya bati, filamu yake kando, na papo hapo umeme ukakatika. Akavifunika kwa kitambaa, akaziacha nyaya ukutani, akajifungia gizani na kazi nyingine.

Umeme ukarudi kimyakimya. Kitambaa kikashika.

"Moto! Moto!" Safia akapiga kelele.

"Alhamdulillahi!" Soudi akaitikia ndani. "Naingojea tangu saa sita!"

"Moto iko kwa meza!"

"Iache! Picha ikauke!"

"Moto ya kweli, we mwanaume!"

Ndipo moshi ukapenya chini ya mlango. Soudi akatoka mbio, peku, miguu imelowa dawa, akamkuta Safia ameinua ndoo. "Usimwage! Utakufa!" akalia, kisha yeye mwenyewe, fundi, akalishika bati. Umeme ukamtupa kwenye magunia ya mchele. Safia akazing'oa nyaya kwa mwiko mkavu, halafu akamwaga maji, nusu mezani, nusu kwa mumewe. Ya mumewe yalikuwa ya makusudi.

Filamu iliteketea. Picha ilipona, ila imebabuka pembeni, na moshi umemzunguka marehemu kichwani. Soudi aliona aibu hadi machozi yakamtoka. Hakuwa na nyingine ya kumpa yule binti.

Scholastique aliishika kwa mikono miwili, akaitazama sana. Mama yake alikaanga maandazi kwa kuni miaka thelathini, akasomesha watoto sita.

"Papa Soudi," akasema, "ulifanya namna gani kumupata na moshi yake?"